Gari na Jamaa: Usukani Unapovuta Kushoto

Barabara itokayo Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ina urefu wa kilomita zipatazo 145. Dereva akiisha kuupa mgongo mto Nile hukutana kwanza na malori ya miwa ya Kakira, halafu pikipiki za abiria mjini Iganga, kisha Namutumba, na baadaye daraja la mto Mpologoma lenye mashamba ya mpunga kandokando yake. Mbele ya hapo ni nchi ya Budaka, na hatimaye mlima Wanale husimama juu ya mji wa Mbale kama ukuta. Barabara yote ni ya lami, lakini katika sehemu nyingi lori na basi hupishana kwa nafasi ndogo sana. Gari linaloyumba kwa nusu mita tu laweza kumgharimu mwenyewe jamaa yake yote.

Jinja ni mji wa askari tangu zamani. Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na kambi yake huko. Mbale nako kuna kambi ya Bugema. Katika miji ya namna hii magari kuukuu ya Land Rover na Land Cruiser hayajaisha, nayo bado yanabeba watoto, mahindi, wagonjwa na maharusi. Magari hayo ni imara, lakini aghalabu usukani ndio unaotangulia kuchoka. Tena ndio unaopewa dawa isiyo yake kuliko kiungo kingine chochote.

Na uchukuliwe mfano wa koplo mmoja akaaye Jinja, mwenye Land Rover ya Series III yenye urefu wa inchi 109 kati ya ekseli mbili. Magari ya aina hiyo yaliundwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata lile dogo kuliko yote sasa lina umri wa mtu mzima. Mkewe ni mzaliwa wa Bugisu. Ilikuwa Julai ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila Mgisu ajua maana yake: Agosti ni mwezi wa imbalu, na kijana wa ndugu yake mke alikuwa miongoni mwa watakaotahiriwa. Safari ilikuwa ya lazima. Watakaosafiri walikuwa mume na mke, watoto wanne, na mama mkwe aliyekuwa amekuja Jinja kutibiwa macho.

Gari lilikuwa na kasoro mbili. Kila lilipokwenda lilivuta kushoto, hata koplo akawa anashika usukani kwa nguvu kama mtu azuiaye ng'ombe. Na lilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, usukani ulitetemeka mikononi. Gereji moja lilikuwa limefanya alaimenti mara mbili, na mara zote mbili koplo alilipa. Mnamo Januari alinunua tairi mbili mpya za mbele, kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo.

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Akifagia uani aliinama karibu na gurudumu, akamwita mumewe.

"Baba watoto, njoo utazame. Tairi hizi zimeliwa upande wa nje kama kisigino cha kiatu. Hazijatimiza hata miezi saba."

"Ni barabara mbaya, Mama watoto."

"Barabara mbaya ingezila za nyuma pia. Mimi sitampandisha mama yangu humu mpaka gari lipimwe."

Koplo alikasirika kidogo, lakini alijua kwamba mkewe amesema kweli. Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kutunza magari ya serikali kwa miaka mingi.

TAIRI HUSEMA KABLA YA FUNDI

Yule fundi hakushika spana. Alianza kwa kuzitazama tairi, na hivyo ndivyo inavyompasa kila mwenye gari kuanza, kwa sababu tairi ni kama daftari inayoandikwa kila siku.

Tairi iliyolika katikati peke yake ilijazwa upepo kupita kiasi. Iliyolika kingo zote mbili ilikuwa na upepo haba. Tairi mbili za mbele zikilika kingo za nje kwa pamoja, magurudumu yanaelekeana mno kwa mbele; zikilika kingo za ndani kwa pamoja, magurudumu yanaachana kwa mbele. Katika hali hizi mbili mkono ukipitishwa juu ya tairi kwa upana wake, upande mmoja huwa laini na upande wa pili hukwaruza kama msumeno. Lakini ikiwa tairi moja tu ndiyo iliyolika ukingo mmoja, yafaa kutafuta kitu kilichopinda au beringi iliyokwisha katika gurudumu lile lile.

Tairi za koplo zilikuwa zimelika nje, kushoto na kulia sawasawa.

"Afande," fundi aliuliza, "nani aligeuza fimbo ya magurudumu?"

"Waligeuza gereji, Mzee. Mara mbili. Kila mara waliniambia sasa gari litanyooka."

"Na lilinyooka?"

"Halikunyooka hata siku moja."

"Basi walikuwa wanamtibu mwenye homa kwa kumkata kucha."

Jambo hili lahitaji kuelezwa, kwa maana wengi hupoteza fedha hapa. Katika Land Rover ya zamani ekseli ya mbele ni chuma kimoja kizima. Miinamo ya gurudumu imekwisha kuwekwa kiwandani: mwinamo wa kulala nje ni nyuzi moja na nusu, na ule wa kingipini kulala nyuma ni nyuzi tatu. Hakuna bolti ya kuirekebisha. Kinachoweza kurekebishwa ni kimoja tu, nacho ni urefu wa fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Fimbo hiyo huamua magurudumu yaelekeane kiasi gani. Haiwezi kabisa kuliponya gari linalovuta upande mmoja, kwa sababu ikirefushwa au ikifupishwa magurudumu yote mawili huigawana tofauti. Anayeigeuza ili kutibu mvuto huacha ugonjwa palepale, kisha huanza kula tairi.

MVUTO UNA SABABU ZAKE

Kabla ya kuilaumu ekseli, fundi alizifuata sababu zilizo rahisi, kwa mpango.

Kwanza alipima upepo wa tairi zote nne zikiwa baridi. Tairi moja ya mbele ikipungukiwa, gari huelekea upande huo. Pili alilipeleka gari kwenye uwanja mpana ulio tambarare. Uganda magari hupita kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Kwa hiyo hata gari zima huteremka kidogo kushoto. Lakini uwanjani, pasipo mteremko, gari la koplo bado lilivuta kushoto. Barabara ikaachiliwa bila hatia.

Tatu, alibadilishana tairi za mbele, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaja kushoto. Kama mvuto ungehamia kulia, kosa lingekuwa la tairi. Haukuhama. Nne, baada ya mwendo mfupi bila kukanyaga breki sana, alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Gurudumu lililo moto kuliko wenzake breki yake haiachi, na breki isiyoachia huvuta. Yote mawili ya mbele yalikuwa na joto sawa.

Ndipo alipochukua utepe wa kupimia. Magurudumu yakiwa yamenyooka, alipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Gari la inchi 109 lapaswa kuwa na sentimita zipatazo 277 pande zote mbili. Kulia zilikuwa kamili. Kushoto zilipungua karibu sentimita mbili.

Maana yake ni kwamba ekseli ya mbele ilikuwa imerudi nyuma upande wa kushoto. Majani ya springi hushikwa pamoja na bolti moja ya katikati, na kichwa cha bolti hiyo hukaa katika tundu la kiti cha ekseli ili ekseli isisogee. Bolti za U zikilegea, mzigo na mashimo huikata bolti ile ndogo, na ekseli huanza kuteleza juu ya springi. Jicho halioni, maana kila kitu bado kimefungwa. Lakini ekseli nzima imekaa kishemali, na gari hufuata upande uliofupika. Fundi alipopiga matope kwa nyundo, bolti za U za kushoto zilionyesha chuma king'aacho mahali ziliposugua. Koplo alikaa kimya.

MTIKISO WA USUKANI

Kasoro ya pili nayo ilikuwa na njia yake. Msaidizi aliketi kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa chini, akazungusha usukani kidogo kushoto na kulia bila kupumzika. Fundi alilala mbele ya gari akatazama viungo kimoja baada ya kingine. Series III ina fimbo tatu: ile itokayo sanduku la usukani kwenda kwenye rilei iliyo katika boriti ya mbele, ile itokayo rilei kwenda kwenye gurudumu, na ile iunganishayo magurudumu mawili. Kila fimbo ina viungo viwili vya mpira wa chuma, yaani viungo sita kwa jumla. Kiungo kizima hupeleka mwendo papo hapo. Kilichokwisha hucheza kwanza, halafu ndipo fimbo ya pili yake huanza kwenda. Cha sita, kilicho upande wa kulia wa fimbo ya magurudumu, kilikuwa kikicheza wazi.

Baada ya hapo gari liliinuliwa, likawekwa juu ya vigingi imara. Hapana budi kusisitiza neno hili: jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na watoto wasiruhusiwe kucheza karibu.

Fundi alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likicheza, mtu mwingine hukanyaga breki. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukibaki, kingipini ndizo zilizokwisha. Za koplo zilikuwa nzima. Kisha alitazama ndani ya rimu, akakuta udongo mwekundu umegandamana upande mmoja, mgumu kama tofali. Gurudumu lenye mzigo upande mmoja haliwezi kuzunguka kwa utulivu, na mtikiso wake hujitokeza katika mwendo fulani, mara nyingi kati ya kilomita 50 na 70 kwa saa. Udongo na kiungo kilichokwisha vilikuwa vimesaidiana.

Koplo aliuliza kama haingetosha kufunga shokapu ya usukani ili mtikiso utulie. Fundi alikataa. Shokapu hiyo yaweza kuuficha mtikiso, alisema, lakini kiungo huendelea kulika chini yake, mpaka siku kitakapochomoka.

MAMBO MATATU YA KUTOGUSWA OVYO

La kwanza ni rilei. Ndani yake mna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa. Asiyejua akiifungua, springi huruka na yaweza kumvunja taya au kumtoa jicho. Mwenye gari ahakikishe kuna mafuta ndani yake; kazi ya kuifungua amwachie fundi mwenye kifaa cha kuibana.

La pili ni skrubu ya sanduku la usukani. Wengi huikaza ili kuondoa mchezo, kumbe mchezo unatoka katika viungo. Meno ya sanduku hulika zaidi katikati, mahali ambapo gari hukaa likienda moja kwa moja. Akikazia hapo kupita kiasi, mwenye gari aweza kuukuta usukani umekwama katika kona. Skrubu hiyo huguswa mwisho, viungo vyote vikiwa vizima, na baada yake usukani lazima urudi wenyewe kwa wepesi.

La tatu ni kile kifundo cha manjano. Kikibonyezwa, ekseli ya mbele huanza kuvutwa na injini pamoja na ya nyuma. Hayo ni mema kwenye matope. Dereva akisahau akapanda nacho juu ya lami, usukani huwa mzito, tairi husagika, na fundi huitwa kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Ili kukiachia, gari husimamishwa, mkono mwekundu huvutwa nyuma kisha hurudishwa mbele, nacho huruka juu chenyewe.

KUPIMA KWA UTEPE NA CHAKI

Bolti mpya ya katikati ilitiwa, ekseli ikarudishwa mahali pake, bolti za U zikabadilishwa zote nne za mbele. Kiungo kibovu kiliondolewa, na kabla ya kukitoa fundi alihesabu mizunguko ya uzi wake ili kipya kiingie kwa kipimo kile kile. Rimu zilioshwa hadi chuma kikaonekana. Tairi zilizolika zilipelekwa nyuma, na zile za nyuma, zilizokuwa zimelika sawasawa, zikaletwa mbele. Ndipo alaimenti ilipofanywa, ikiwa kazi ya mwisho badala ya kuwa ya kwanza.

Kazi hii yaweza kufanywa uani na watu wawili, kwa utepe na chaki. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka, kisha husukumwa mbele kidogo kwa mkono ili viungo vikae. Kila tairi ya mbele hutiwa alama ya chaki katikati ya upana wake, upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Nafasi kati ya alama hizo mbili hupimwa. Halafu gari husukumwa mbele, wala si nyuma, hadi magurudumu yazunguke nusu na alama zije mbele kwa kimo kile kile. Hupimwa tena. Kwa kuwa alama ni zile zile, hata rimu iliyopinda kidogo haitadanganya.

Katika Land Rover za Series, kipimo cha mbele chapaswa kuwa pungufu ya kile cha nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, jambo lisilozidi sana unene wa sarafu. Gari la koplo lilionyesha milimita 11. Si ajabu kwamba karo ya mtoto ililiwa na lami.

Kurekebisha, vibano vya fimbo hulegezwa na bomba lake huzungushwa, kwa kuwa mwisho mmoja una uzi wa kulia na wa pili una uzi wa kushoto. Fimbo ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha huyafanya magurudumu yaelekeane zaidi kwa mbele. Ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha huyaachanisha. Kila baada ya kuzungusha, gari husukumwa na kupimwa upya. Mwisho vibano hukazwa. Ama magari yaliyofuata tangu mwaka 1983, yenye springi za mviringo na kuvutwa kwa magurudumu manne wakati wote, hayo hutakiwa kuachana kidogo kwa mbele, na mwenye Land Cruiser naye afuate kitabu cha gari lake. Kipimo cha gari moja si dawa ya gari jingine.

SAFARI

Jamaa ile iliondoka Jinja alfajiri ya Agosti. Walipofika Iganga koplo alisimama, akakaza tena nati za bolti za U kama alivyoagizwa, kwa maana bolti mpya hulegea kidogo baada ya kubeba mzigo. Darajani Mpologoma basi liliwapita kwa kasi, na upepo wake ukalisukuma gari. Lakini usukani ulikaa katikati, na kidole kimoja kilitosha kuurudisha. Mama mkwe alikuwa amelala.

Kutoka Mbale walipanda kwa njia za udongo hadi nyumbani, katika milima ile ambayo maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 yaliifahamisha kwa ulimwengu wote kwa msiba. Mvua ilinyesha, kifundo cha manjano kikafanya kazi yake, na kijana akasimama imara mbele ya watu wake.

Siku ya kurudi, mara baada ya kuingia kwenye lami, usukani ulianza tena kutetemeka. Koplo alikunja uso, akasema fundi amemdanganya na kwamba wakifika Jinja ataitafuta gereji nyingine ifanye alaimenti.

"Simama kwanza, Baba watoto," mkewe alisema.

Alishuka, akachukua panga la kukatia ndizi, akakwangua udongo uliojaa ndani ya rimu za mbele, huku mtoto mkubwa akimwaga maji ya dumu. Kazi ilichukua robo saa. Kabla ya kuondoka alimkumbusha mumewe kifundo cha manjano, ambacho bado kilikuwa chini. Koplo alisogeza mkono mwekundu bila kujibu, kifundo kikaruka juu.

Wakafika kilomita 60 kwa saa, kisha 70. Usukani ulikuwa umetulia.